Hilo friji mtaligeuza kabati: kwa walimu na wauguzi wapya mnaokwenda kusiko na umeme

Ajira zikishatoka, maswali huwa yaleyale: inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) ya wati ngapi inavuta pasi, betri gani inalaza friji usiku kucha, mbona sola imekufa na haijamaliza hata miezi mitatu. Wadogo zetu, hatuwacheki (vizuri, tunawacheka kidogo). Ila posho ya kujikimu inaishia kwenye duka la sola kila msimu, na betri zinakufa kwa namna ileile kila msimu. Mazoea yana taabu, tunajua. Mtu aliyezoea kubonyeza swichi akapata maji ya moto hataki kuambiwa achochee mkaa. Basi anajaribu kuihamisha nyumba ya mjini nzima nzima juu ya paneli moja.

1. Ulizia kitongoji. Ukiambiwa REA, wakala wa umeme vijijini, imefika kijijini, uliza nguzo ya mwisho iko wapi na nyumba ya mtumishi iko wapi. Kati ya hizo mbili panaweza kuwa na kilomita nne na mto.

2. Pigeni hesabu kwa uniti, maana LUKU wote mnaijua. Uniti moja ni wati-saa 1,000. Paneli ya wati 100, jua likiwa zuri, ukitoa hasara ya joto, vumbi na waya, inakupa wati-saa 300 hadi 350 kwa siku. Yaani theluthi ya uniti. Friji dogo la mlango mmoja linakula wati-saa 500 hadi 1,000 kwa siku, na kila mota yake inapowaka inataka mara kadhaa ya wati zilizoandikwa mgongoni. Birika la umeme ni wati 2,000. Pasi ni wati 1,000. Kwenye betri ya volti 12, pasi hiyo inavuta karibu ampea 100 kupitia inveta, na waya mwembamba mliofungiwa na fundi unachemka kabla ya shati.

Theluthi hiyo ya uniti inatosha nini? Taa nne za wati 5 kwa saa tano: 100. Simu mbili: 30. Televisheni ya DC (inayotumia umeme wa betri moja kwa moja, bila inveta) ya wati 25 kwa saa tatu: 75. King'amuzi: 36. Jumla haifiki 250, na unabaki na akiba ya siku ya mawingu. Hayo ndiyo maisha, na si mabaya.

3. Sasa betri. Hapa tutakaa, kwa sababu hapa ndipo pesa inapozikwa.

Mwenendo wake ni huu. Mtumishi ananunua paneli ya wati 100, betri ya ampea-saa 100, kontrola (kile kiboksi kinachosimamia chaji kati ya paneli, betri na taa) na inveta ya wati 1,000, kwa sababu roho yake bado iko kwenye pasi. Inveta inabanwa moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Pasi hawashi kila siku, anajihurumia. Lakini inveta yenyewe haizimwi. Ile taa yake ya kijani na feni yake ndogo, bila kuchomeka chochote, vinakula wati 8 hadi 10. Zidisha kwa saa 24: karibu wati-saa 200 zimepotea bure, zaidi ya nusu ya mavuno ya siku. Ongeza zile 250 za taa na televisheni. Kila siku betri inatoa zaidi ya inachopokea, na mwenyewe anaapa kwamba hajawasha kitu kikubwa.

Jioni kontrola inawaka nyekundu na kukata taa. Kontrola inafanya kazi yake: imeona volti zimeshuka, inailinda betri. Mtumishi anasema kontrola mbovu hii, anahamishia taa kwenye inveta, kule ambako kontrola haina sauti. Inveta nayo inapiga kelele ikifika volti kama 10.5. Wakati huo betri ya asidi imeshapita pabaya zamani. Ilitakiwa isishuke chini ya nusu, yaani volti 12.2 ikiwa imepumzika. Na kama ni siku ya Simba na Yanga, tunajua kinachofuata. Anazima, anasubiri dakika ishirini, volti zinajifufua kidogo, anawasha tena aone kipindi cha pili. Kila ufufuo wa namna hiyo unakata siku za betri.

Betri ikikaa tupu siku kadhaa, chumvi ya risasi inagandamana kwenye sahani zake na haiyeyuki tena kwa kuchaji. Dalili yake inawadanganya wengi: betri inajaa upesi. Saa nne asubuhi kontrola inasema tayari imejaa, mtu anafurahi, anasifia paneli. Saa mbili usiku giza. Imejaa upesi kwa sababu nafasi ya kuweka umeme imebaki ndogo. Hapo wengine wanamimina asidi. Msimimine asidi. Kinachopungua ni maji, na kinachoongezwa ni maji ya betri ya dukani, yafunike sahani tu. Ya kisima yana madini, yanaiua.

Kwa hiyo: taa na televisheni viwe vya DC, vitoke kwenye kontrola. Inveta iwe ndogo, ya wati 300, ya kompyuta tu, na izimwe kompyuta ikijaa. Ukifunga, betri kwanza kwenye kontrola, kisha paneli, kisha taa. Ukifungua, rudi kinyume. Nunua mita ya bei rahisi, pima alfajiri kabla ya jua, kila kitu kikiwa kimezimwa: 12.7 ni nzima, 12.2 leo hakuna televisheni. Betri ya gari, ile N70, isikushawishi kwa bei, sahani zake ni nyembamba, imeundwa kupiga stata. Na mwembe ukiangusha kivuli kwenye kona moja ya paneli, paneli nzima inalegea.

4. Maji baridi: mtungi wa udongo kivulini, penye upepo, juu ya mchanga uliolowa. Mtungi uliopakwa rangi haupozi, kwa sababu hautoi jasho.

5. Nyama nunua nusu kilo, kaanga iliyobaki. Chakula cha nazi kiliwe siku hiyo hiyo. Maziwa yaliyobaki yawe mtindi kabla hayajaamua yenyewe.

6. Pasi ya mkaa, mtakayoikataa mpaka mwezi wa tatu. Mkaa ukolee nje kwenye jiko kwanza, uwe mwekundu bila moshi, ndipo uingie kwenye pasi hadi robo tatu. Ukipuliza, puliza ukiwa mbali na nguo, maana majivu yanatokea kwenye matundu ya upande wa pili na shati jeupe ndilo linayavutia. Futa tako la pasi kwenye jani la mgomba au kitambaa kibichi kila baada ya nguo mbili. Piga nguo za wiki nzima Jumapili jioni, ukianza na suruali nzito pasi ikiwa kali. Tetroni ziache za mwisho, na hizo pia weka kitambaa juu yake kwanza, kwa sababu pasi hii haina kile kiduara cha kupunguzia moto.