Binti anaposema "hesabu si za wasichana"

Dada, umeuliza kama umwache tu binti yako wa miaka 8, ambaye tangu mwalimu acheke jibu lake anasema hesabu si za wasichana. Usimwache. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science uligundua kuwa wasichana wa miaka 5 huamini wasichana wana akili sana, kama wavulana wanavyojiamini. Lakini wakifika 6 au 7 imani hiyo hupungua, na michezo inayosemwa ni ya "wenye akili sana" wanaanza kuikwepa. Na hata hivyo waliendelea kuamini kuwa wasichana hupata alama nzuri darasani! Kwa hiyo kumwonyesha ripoti nzuri pekee hakutoshi.

Mwombe akueleze alivyolipata lile jibu, hatua kwa hatua, nawe usiharakishe kumsahihisha. Akipata, sifia njia aliyotumia. Kumwambia "Wewe una akili" kunaweza kumfanya aogope kukosea kesho. Na wewe (wengi wetu tuna tabia hii) acha kusema mbele yake kwamba hesabu zilikushinda. Mwalimu mwone faraghani, bila ugomvi, umweleze kicheko kile kimefika wapi.