Samaki mkubwa anakata mshipi kila mara, ninunue nailoni nene zaidi?

SWALI: Kapteni salaam aleikum. Sisi ni marafiki wanne, kaskazi hii tumeanza kukodi boti kila Jumapili tunaingia Tudor Creek, ile hori ya hapa Mombasa, kuvua, hasa tunamtaka kolekole na tewa. Tunafika majini kama saa nne asubuhi tukishakunywa chai, tunatia nanga kando ya mikoko, chambo ni kamba na ngisi, mshipi nailoni ya pauni 30 (uzito inaoustahimili) kwenye rili. Changu wadogo tunapata, lakini mkubwa akishika tu mshipi umekatika na ndoana imekwenda. Mwenzetu mmoja anasema tununue pauni 60, mwengine anasema mshipi ule wa kusukwa kwa nyuzi nyingi. Tufanyeje?

JIBU: Aleikum salaam ndugu yangu. Kabla hamjapeleka pesa dukani, mshipi ukikatika huwa mnaiangalia ile ncha iliyorudi? Wengi wanafunga ndoana nyengine hapo hapo wanatupa tena, na jibu lilikuwa mkononi mwao.

Ncha ikiwa imekatika safi kana kwamba mtu amepitisha wembe, hayo ni meno, yaani mzia au bunju, na hapo hata pauni 60 haiwasaidii sana, wekeni waya mfupi wa kama sentimita 20 juu ya ndoana. Ncha ikiwa imejikunjakunja, samaki hakukata chochote, ni fundo lenu limeteleza. Zungusheni mara tano, lilowesheni kwa mate kabla ya kukaza, manake nailoni ikikazwa kavu inapata moto na kudhoofika, halafu ivuteni kwa mkono muone kama imeshika. Ikiwa ncha ni chakavu, nyeupe, ina mikwaruzo hadi nusu mita juu, basi ni mawe na chaza, na kwa jinsi ulivyonieleza mimi nina hakika karibu yote kuwa nyinyi ndio hapo mlipo.

Sababu ni hiyo saa nne yenu. Mombasa wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kama saa kumi alfajiri na hupwa kama saa nne asubuhi. Kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50, kwa hivyo wiki moja ikipita yamegeuka kabisa, Jumapili hii saa nne mnakuta maji yametoka mpaka tope linaonekana, Jumapili inayofuata saa ile ile yamejaa mpaka ndani ya mikoko. Na zote mbili kwenu ni mbaya. Yakiwa yamekupwa mko kwenye mkondo mwembamba kingo zake zimejaa chaza, yakiwa yamejaa mmetia nanga mlangoni kwa tewa, akishika hatua mbili tu ashaingia kwenye mizizi. Juu ya hayo jua la kaskazi saa hizo limeshapasha maji ya kina kifupi na samaki mkubwa ameshateremka kwenye kina.

Sasa bamvua ikiangukia Jumapili, chai kunyweni botini. Muwe majini saa kumi na moja alfajiri wakati maji yanatoka, manake samaki wadogo wote waliokuwa wamejificha kwenye mikoko wanalazimika kutoka na maji, na kolekole anawangoja pale vijito vinapomwagika kwenye mkondo mkubwa. Hapo ndipo pa kutupa chambo, na boti muitie nanga upande wa kina ili samaki avutwe kutoka kwenye mizizi badala ya kuzungushwa juu yake. Jumapili ya maji mafu, yaani ile ya katikati ya bamvua mbili, mkondo hauna nguvu, mimi ningeenda jioni jua likipoa, asubuhi ningelala.

Kuhusu mshipi wenyewe, pauni 30 yenu iacheni kwenye rili, ila mwishoni fungeni mita moja na nusu ya nailoni nene ya pauni 60 au 80, hiyo ndiyo itakayosuguana na chaza. Ile ya kusukwa ni nyembamba na ina nguvu kweli, nje kwenye maji makubwa naipenda sana, lakini ikigusa chaza ikiwa imekazwa inakatika upesi kuliko nailoni, kwa hivyo huyo mwenzenu mwambieni asubiri. Breki ya rili isizidi thuluthi ya nguvu ya mshipi, yaani kama pauni 10, ipimeni kwa mizani ya kuning'iniza kabla ya kutoka, msikisie kwa mkono. Tewa akishaingia shimoni msishindane naye, legezeni mshipi kabisa mngoje dakika kadhaa, mara nyingine anatoka mwenyewe. Na nailoni inayosuguliwa na kushinda juani kila safari inachakaa pole pole bila kuonekana, kateni mita chache za mwisho kila safari, si hasara.

Mambo mengine mafupi: kaeni mbali na njia ya meli na feri, kila mtu avae jaketi la kuokolea, kuvua kwa starehe kunahitaji leseni, na mkitoka nje kuelekea Nyali na Bamburi kumbukeni ile Marine Park, hifadhi ya bahari ya tangu 1986, ndani yake hakuvuliwi kabisa.

Na huyo bunju, manake creek anapatikana na atawakata ndoana nyingi tu, mkimpandisha botini amevimba msimchezee karibu na mdomo, meno yake yanaweza kuondoka na kidole. Msimle, sumu yake haiishi kwa kupikwa, wala msimtupie paka pale ufukweni, mrudisheni majini.