Nahama simu, chati zangu zitahama?

Maswali ya kuhama kutoka Android kwenda iPhone, au kurudi upande wa pili, yamekuwa mengi. Wengi huuliza wakati simu ya zamani imeshafutwa au imeshauzwa, na hapo mimi sina ujanja. Kwa hiyo kabla hatujaanza nina ombi moja: simu ya zamani iweke kabatini, ikiwa na chaji, mpaka uhakikishe kila kitu kimefika.

Kaka, nimehamia iPhone. Kwenye WhatsApp ya Android nina meseji za sauti za marehemu mama yangu. Najaribu kuzirudisha kutoka Google Drive, haiji hata moja. Ndiyo zimepotea?

Pole sana. Hazijapotea, maadamu simu ya zamani ipo na WhatsApp hujaiondoa humo. Nakala iliyohifadhiwa Google Drive haisomwi na iPhone, kama ambavyo ile ya iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, haisomwi na Android, hata uweke akaunti ileile. Chati lazima zipite moja kwa moja kutoka simu hadi simu.

Kabla hujagusa chochote, rudi Android uingie WhatsApp kwa namba yako ileile, maana ulipoifungua kwenye iPhone, kule Android ilikutoa. Fungua chati ya mama, ihamishe nje kama faili pamoja na sauti zake, uihifadhi kwenye kompyuta. Faili hilo halirudi ndani ya WhatsApp, lakini lolote likiharibika baadaye, sauti unazo. Mimi kwa kitu cha thamani hivyo siamini njia moja peke yake.

Kisha pakua Play Store programu ya Apple iitwayo Move to iOS. Tangu 2022 inabeba na WhatsApp. Sharti lake linawaudhi wengi: iPhone iwe mpya kabisa, au iliyofutwa na kuanza upya. Yako itabidi uifute, na meseji zilizoingia humo siku hizi chache zitakwenda na maji. Chomeka simu zote mbili kwenye chaji, ziwe kwenye Wi-Fi moja. iPhone inapoanza kuwashwa itakuuliza unataka kuleta data kutoka wapi. Chagua Android, itakuonyesha namba za kuingiza upande wa pili. Kwenye orodha ya vitu vya kuhamisha, weka alama WhatsApp, subiri iandae chati zake, halafu endelea.

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Android huweza kuandika kwamba imemaliza wakati iPhone bado inapokea. Usiiguse, usijibu meseji, usifungue programu nyingine. Mstari unaojaa kwenye iPhone ndio wa kuuamini. Ukishajaa, weka WhatsApp kwenye iPhone, ingia kwa namba ileile, na ikikuuliza kama uhamishaji uanze, kubali. Kumbukumbu za simu ulizopiga kupitia WhatsApp hazihami, hizo zisamehe.

Mimi natoka iPhone kwenda Android. Na hizo chati?

Waya. Simu mbili huunganishwa kwa kebo siku unapoianzisha ile mpya, na chati za WhatsApp huhamia kupitia humo. Simu za Samsung zilianza mwaka 2021, za Pixel na nyingine zenye Android 12 zikafuata. Ukiharakisha hatua ya kuunganisha siku ile ya kwanza ili uanze kupiga picha, utarudi kuifuta simu baadaye.

Tangu niache iPhone, rafiki zangu wenye iPhone wanasema wananitumia meseji. Mimi sioni kitu. Wananidanganya?

Hawakudanganyi. Namba yako bado imeandikishwa iMessage, huduma ya meseji ya Apple, kwa hiyo meseji zao zinakwenda huko badala ya kuja kama SMS. Rudisha laini kwenye iPhone, ingia kwenye mipangilio, zima iMessage, na FaceTime, ya simu za video, pia. Kama iPhone huna tena, Apple ina ukurasa wa kuiondoa namba: unaandika namba, unapokea tarakimu za uthibitisho kwa SMS, unazijaza pale. Ni kazi ya dakika chache, ila ni bora kuifanya kabla laini haijatoka kwenye simu ya zamani.

Nimehamisha laini lakini majina hayakuja. Laini imeharibika?

Laini yako ni nzima. Majina siku hizi aghalabu hayakai kwenye laini. Yako kwenye simu yenyewe au kwenye akaunti ya Google. Kwenye Android yako hakikisha yote yamehifadhiwa Google, kisha ongeza akaunti hiyo kwenye iPhone na uwashe sehemu ya majina. Yatamiminika yenyewe.

Programu nilizonunua Play Store nitazipata bure App Store?

Hapana, utanunua tena. Angalia zaidi zile unazokatwa kila mwezi: kuifuta programu hakusimamishi makato. Sitisha kwenye duka lilelile ulikojiungia, ndipo uanze upya kwenye duka jipya.

Programu ya benki inanikataa kwenye simu mpya, na zile namba za uthibitisho zinazobadilika kila nusu dakika zimebaki kwenye simu ya zamani. Nifanyeje?

Benki nyingi hufunga programu yao kwa kifaa kimoja, kwa hiyo jisajili upya kwa utaratibu wao. Hapo hakuna njia ya mkato wala usiitafute. Zile namba, kama unatumia Google Authenticator, zina njia: kwenye simu ya zamani chagua kuhamisha akaunti, itatoa msimbo wa QR, uuskani kwa simu mpya. Android kwa iPhone haina shida. Ukiifuta simu ya zamani kabla ya hapo, utaomba kurejeshewa akaunti moja baada ya nyingine, na baadhi ya wenye huduma hizo hawana haraka.

Nimempa mdogo wangu simu yangu ya Android, nimeifuta kabisa, sasa inadai akaunti yangu. Nimekosea wapi?

Ni ulinzi dhidi ya wezi, umewanasa na wenye mali. Ukiifuta simu kwa nguvu bila kuondoa akaunti ya Google kwanza, inamtaka mwenyewe athibitishe. Nenda ukaweke barua pepe na nenosiri lako, kisha ondoa akaunti na uifute tena kupitia mipangilio. Kwenye iPhone, zima Find My, ile ya kutafuta simu iliyopotea, kabla ya kuikabidhi. Na kamwe usimtumie mtu nenosiri kwa meseji, hata awe mdogo wako.

Saa yangu ya Apple itafanya kazi na Android?

Haitafanya. AirPods zitacheza muziki vizuri tu kama vifaa vingine vya Bluetooth, lakini saa inataka iPhone. Upande wa pili ni hivyohivyo: Galaxy Watch4 ya 2021 na zilizofuata hazikubali iPhone. Mwenye saa ahesabu na bei ya saa.

Nimeshahamia iPhone. Kitufe cha kurudi nyuma kiko wapi?

Hakipo. Telezesha kidole kutoka ukingo wa kushoto kuelekea katikati ya kioo. Baadhi ya programu hazielewi hilo, na hapo utabonyeza mshale ulio juu kushoto, mahali ambapo kidole gumba cha mkono wa kulia hakifiki.