Jibu: Mtaa wa Kariakoo baada ya mvua, kwa rangi 4

Ndugu, umeuliza kwa nini majengo ya mbali kwenye picha yako ya rangi za mafuta yanaonekana kama yamebandikwa mbele. Ni hiyo rangi nyeusi ya tyubu; acha kuitumia. Changanya ultramarini (bluu iliyokolea) na siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), karibu nusu kwa nusu, upate giza; ukitia nyeupe linakuwa kijivu. Ukizidisha ultramarini kijivu kinapoa, yaani kinaelekea bluu; ukizidisha siena kinapata joto, yaani kinaelekea kahawia. Jengo la nyuma kabisa lipe nyeupe nyingi na bluu kidogo, kingo zake uzipanguse kwa brashi kavu rangi ikiwa bado mbichi. Giza kamili libaki kwenye bajaji ya mbele tu. Mwanga wa taa juu ya lami uvute wima kwenda chini, uwe hafifu kuliko taa yenyewe. Na rangi ya nne, oka ya njano (njano ya udongo)? Tone tu, madirishani.