Mvinyo mezani, vitunguu ukingoni mwa sahani

SWALI: Shangazi, Jumamosi nilipika pweza wa nazi, mume wangu akafungua mvinyo mwekundu wa Dodoma. Kitindamimba wetu, miaka 6, akakaa anaokota vitunguu kimoja kimoja na kuvipanga ukingoni mwa sahani. Hamu ya kula ikatuisha. Tufanyeje?
Mama wa watoto wawili, Morogoro

JIBU: Pole mwanangu. Mtoto wangu mimi bilinganya aliiita konokono! Vitunguu visage. Mpakulie wali na mchuzi kabla hujatia pilipili, kipande kimoja cha pweza pembeni, halafu msimkodolee macho. Mpe juisi ya zabibu kwenye glasi yenye mguu kama zenu. Mvinyo asionje hata tone. Na huo mwekundu, na joto lenu hilo, uwekeni kwenye friji nusu saa. Ingawa pweza, kwangu mimi, anataka mweupe.