Kitufe cha "Jumla" kimenuna, kikiamka kinatoa 360005000

Mkuu, umeuliza kuhusu fomu ya oda za vitenge kwenye tovuti yako: kitufe cha "Jumla" hakiitiki, kikiitika jumla inaonekana na kupotea, na doti 3 za 12000 pamoja na boda ya 5000 zinatoa 360005000. Fomu hiyo ina makosa matatu yaliyopandana, ndiyo maana ukitibu moja linaibuka lingine.

Kitufe kimenuna kwa sababu skripti (maagizo ya JavaScript) umeiweka kwenye head, sehemu ya juu ya ukurasa. Kivinjari husoma ukurasa kutoka juu kwenda chini, na kinapoifikia skripti, kitufe bado hakijazaliwa. getElementById, inayokitafuta kitufe, inarudisha null (hakuna kitu), na mstari wa addEventListener, unaosubiri kibonyezwe, unafia hapohapo. Bonyeza F12, fungua Console (sehemu ya kivinjari inayoonyesha makosa), utalikuta kosa hilo kwa maandishi mekundu. Hamishia hiyo skripti kwenye faili lake, uliite hivi:

<script src="oda.js" defer></script>

defer huisubirisha skripti hadi ukurasa usomwe wote, ila bila src (jina la faili) ni pambo tu. Wengi hukwama hapo.

Jumla kuonekana na kupotea: kitufe kilicho ndani ya fomu, usipokitajia aina, hutuma fomu na ukurasa unafunguka upya. Kiandikie type="button", yameisha.

Sasa hiyo 360005000. Unachosoma kwa .value (kilichojazwa kwenye kisanduku) huja kama maandishi, hata kisanduku kikiwa cha namba. Doti "3" mara 12000 imekupa 36000 sahihi kwa kuwa alama ya kuzidisha hugeuza maandishi kuwa namba yenyewe. Alama ya kujumlisha haina huruma hiyo: ikikuta upande mmoja ni maandishi, inaunganisha tu. Hela ya boda hadi Mbagala, "5000", ikabandikwa mkiani. Number hugeuza maandishi kuwa namba, kwa hiyo andika:

const jumla = Number(doti.value) * 12000 + Number(boda.value);

Itatoka 41000. Koma weka wakati wa kuonyesha tu, jumla.toLocaleString("sw-TZ"), maana ukirudi kusoma "41,000" kwa Number utaambulia NaN (yaani si namba). Kisanduku kitupu ndicho kinachodanganya zaidi: Number hukipa 0 bila kulalamika, na mteja anaona hela ya boda peke yake. Kagua kwanza kama doti zinafika 1.

Jina la mteja lionyeshe kwa textContent, inayoweka maandishi matupu. Ukitumia innerHTML, akiandika tagi (alama za HTML) badala ya jina, inageuka sehemu ya ukurasa wako.

Halafu seva (kompyuta inayopokea oda) ipige hesabu yake upya, isipokee jumla iliyotoka kwenye kivinjari. Mjanja mwenye F12 anabadili boda ya Mbagala iwe 0 kabla hajabonyeza, na nauli unalipa wewe huko Kariakoo.