Mkuu, futa hiyo Colosseum ya saa 7 kabla hujalipia

Usilipie kitu kwanza. Nimesoma ratiba yako ya Roma nikahisi tumbo linasokota: Makumbusho ya Vatikani saa 3 asubuhi, Kanisa la Mtakatifu Petro na kupanda kuba, Colosseum (ule uwanja wa kale wa mapigano) saa 7 mchana, halafu Pantheon lile hekalu la kale, chemchemi ya Trevi, zile ngazi za Spagna, usiku mkale mtaa wa Trastevere. Siku moja, na mkeo. Mkuu hiyo ni ratiba yangu ya mwaka juzi kabisa, tofauti mimi Colosseum niliweka saa 6 na nusu, nilikuwa bingwa kukuzidi.

Na sikuitunga mwenyewe. Kuna jamaa nimesoma naye, anaishi Bologna miaka 12, akanambia kwa sauti ya mwenyeji "Roma ndogo hiyo bro, mnaimaliza kwa miguu". Akaongeza na siri: mkifika kwenye kikanisa cha Sistina msitoke na umati, kuna mlango upande wa kulia makundi yenye waongozaji wanapita, jichomekeni humo mtatokea kanisani kwa Mtakatifu Petro bila kupanga foleni ya kwenye uwanja wa mbele ya kanisa.

Sasa sikiliza. Pale Vatikani begi kubwa la mgongoni hawakuruhusu kuzunguka nalo, unaliacha mapokezi ya mizigo. Nikaliacha. Ndani kulikuwa na koti la mama (mke wangu), raba zake za akiba, na pasipoti zote mbili, maana mimi ni mtu makini sana, pasipoti siweki mfukoni, nitaibiwa hahaha. Tukaanza kutembea. Wanasema zile korido zote ukizijumlisha zinafika kilomita 7 na Sistina wameiweka karibu na mwisho makusudi, huwezi kuingia tu ukaangalia dari la Michelangelo ukasepa, lazima upite ramani, mazulia, masanamu, huku umebanwa kama mwendokasi wa Kimara saa 12 jioni. Tumefika Sistina saa 5 kasoro, walinzi wanapiga kelele watu wanyamaze, picha marufuku. Nikauona mlango wa jamaa. Tukajichomeka kwenye kundi la wazee wa Kihispania, tukapita! Nilijiona mjanja mno, nikampigia hadi saluti mke wangu.

Tuko ndani ya kanisa, mbele ya ile sanamu ya Pietà, Bikira Maria kampakata Yesu, saa 5 na dakika 40, ndo nikahisi mgongo mwepesi.

Kurudi kwa mlango ule haiwezekani, nilijaribu, askari alinitazama tu nikageuka mwenyewe. Inabidi utoke uwanjani, uzunguke ukuta wa Vatikani mpaka lango la makumbusho, juani mwezi wa saba, kamlima kapo, mama na sandozi mpya juu ya mawe yale ya barabarani, raba zake ziko wapi? Kwenye begi. Hakusema neno. Waliooa wanaelewa hiyo ni mbaya kuliko kugombezwa. Mpaka nalishika begi ni saa 6 na robo, tukakimbilia metro Ottaviano, vituo sita hadi Termini, unabadilisha laini, viwili tena hadi Colosseo. Tumefika saa 7 imeshapita. Yule dada wa getini kaangalia tiketi, kaangalia saa, katikisa kichwa. Yuro 36 za watu wawili, kama laki ya kwetu, na tiketi za Colosseum zina majina yenu na wanakagua pasipoti, kwa hiyo hata kumuuzia mtu nje huwezi. Nimepiga picha ukuta.

Tulivyofika ngazi za Spagna mama kakaa chini apumzishe miguu, filimbi! Tangu 2019 ni marufuku kukaa pale. Hapo ndo akaongea, na siandiki alichosema.

Jamaa nilimpigia usiku ule. Kumbe ndani ya Vatikani hajawahi kuingia, ule mlango alisimuliwa, na Roma kwenyewe huwa anaenda ubalozini kurenew pasipoti na kurudi na treni ya jioni. Miaka 12!

Kwa hiyo shika hii: tiketi moja yenye saa kwa siku. Moja tu mkuu. Siku ya Vatikani ni Vatikani, kuba lenyewe ngazi 551 (ukilipia lifti zinabaki 320), ukishuka hapo kuna mtu ana hamu ya Colosseum? Jioni tembeeni Trevi na Pantheon taratibu, Pantheon walianza kuchaji yuro 5 mwaka 2023, maji mnakinga bure kwenye mabomba ya mtaani. Colosseum kesho yake asubuhi. Na pasipoti ziwe mwilini, kapochi kadogo ka kiunoni, acha watu wacheke.

Uliuliza na laini ya simu na hoteli za bei poa, laini nilinunua Termini, hoteli nimeshasahau hata jina. Weka tarehe hapa ya hiyo siku ya Vatikani. Kama ni Jumatano Papa huwa na mkutano na mahujaji asubuhi, kanisani hamuingii mpaka mchana, na Jumapili makumbusho yanafungwa isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, ambayo ni bure na wewe usithubutu.